Tinti za Vioo vya Gari Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiswahili wanaoendesha magari Marekani: wa teksi za mtandaoni, wa malori, wa gari la familia, na wale wanaonunua gari jimbo moja wakalisajili jimbo jingine. Hatukuweka majimbo yote 50. Tumechukua yale ambayo watu wetu ni wengi, pamoja na machache yenye ukali wa pekee. Mabunge ya majimbo hubadili sheria hizi bila kumwuliza mtu, kwa hiyo pitia tovuti ya idara ya magari ya jimbo lako kabla hujatoa hela kwa fundi.

Tinti inaruhusiwa Marekani au hairuhusiwi?

Inaruhusiwa. Kila jimbo lina kipimo chake, na tofauti ni kubwa mno. New Mexico unaweza kuweka tinti inayopitisha asilimia 20 tu ya mwanga kwenye milango ya mbele na hakuna wa kukuuliza. Gari hilohilo likifika New Jersey lina kosa, kwa sababu kule milango ya mbele haitakiwi kubandikwa tinti kabisa.

Serikali kuu ina kanuni yake pia, FMVSS 205, inayomtaka mtengenezaji wa gari aweke vioo vinavyopitisha angalau asilimia 70 ya mwanga pale dereva anapohitaji kuona. Kanuni hiyo inahusu gari jipya linapotoka kiwandani, na sheria inayoambatana nayo inawabana wenye biashara, yaani wauzaji na mafundi, wasiharibu vifaa vya usalama vya gari. Wewe mwenye gari haikugusi. Kinachokugusa ni sheria ya jimbo, na ndiyo polisi wa barabarani anayoishika.

Hizo asilimia zina maana gani?

Ni kiasi cha mwanga unaopita kwenye kioo. Kwa Kiingereza wanaandika VLT. Namba ikiwa kubwa, kioo ni cheupe zaidi. Ikiwa ndogo, ni cheusi zaidi. Wengi huichukua kinyume: mtu anasikia jimbo limeweka asilimia 70, anadhani anaruhusiwa giza la asilimia 70, anaondoka gereji akiwa na furaha. Asilimia 5 ndiyo ile ya limuzini, ambayo ukisimama nje hata ukibandika uso kwenye kioo huoni aliyemo ndani.

Fundi kaniwekea 35, polisi kapima 26. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Ila fundi hakukueleza.

Kioo cha gari chenyewe, kabla ya kubandikwa chochote, hakipitishi mwanga wote. Vingi vya milango ya mbele vinapitisha kati ya asilimia 70 na 80. Ukibandika karatasi ya tinti ya 35 juu ya kioo cha 75, unazidisha: 0.75 mara 0.35 ni 0.26. Ndiyo hiyo 26 aliyoiona polisi. Ni kama kuvaa miwani ya jua juu ya miwani nyingine ya jua.

Sheria haijali namba iliyoandikwa kwenye boksi la tinti. Inajali kile mashine inachosoma kwenye kioo chako. Tennessee, Massachusetts na Maryland, ambako kipimo cha gari dogo ni asilimia 35, mtu akiomba "niwekee 35" amejinunulia tiketi. Hapo karatasi inayofaa ni ya 50, ambayo juu ya kioo cha 75 inakupa 37 na ushee. Kwa hesabu hiyohiyo, California inataka milango ya mbele ibaki na 70, na karatasi yenyewe iwe inapitisha angalau 88. Kioo cha 80 kikibandikwa karatasi ya 88 kinatoa 70.4. Umepenya kwa tundu la sindano, na kioo kikiwa na vumbi siku hiyo hupenyi.

Majimbo mengine yanaachia kidogo. Georgia sheria inasema 32, kisha inaongeza tofauti ya asilimia 3 kwa sababu mashine hazilingani. Usiipange tofauti hiyo kwenye hesabu zako. Iliwekwa kwa ajili ya makosa ya mashine.

Kioo kipi ndicho kinachowaponza watu?

Vya milango miwili ya mbele, basi. Polisi anataka kumwona dereva, na anataka dereva aone mtu anayevuka usiku. Ndiyo maana majimbo mengi yanakaza mbele na kulegeza nyuma.

Texas mbele ni asilimia 25, nyuma giza lolote ulitakalo mradi gari lina saiti mira pande zote mbili. Ohio mbele ni 50, nyuma huru. Arizona mbele 33, nyuma huru. Kentucky mbele 35, nyuma 18. Virginia mbele 50, nyuma 35. Florida mbele 28. Nyuma 15 kwa gari dogo na 6 kwa SUV na van. Jimbo la Washington ni 24 na Colorado 27. Indiana wanataka 30. Minnesota ni 50, na kwa gari dogo hiyo 50 inaenda hadi nyuma, jambo linalowashangaza wanaohamia Minneapolis kutoka kusini. Iowa mbele ni 70, na ukiwa na 70 hapo hesabu yako ya tinti imeisha kabla haijaanza.

Michigan wana utaratibu wao: milango ya mbele unaruhusiwa tinti kwenye inchi 4 za juu tu, yaani utepe. Chini ya hapo, usiguse.

Pennsylvania ni 70 kwa vioo vyote vya gari dogo, mbele na nyuma. New York pia ni 70 kwa milango yote minne ya gari dogo, ila kioo cha nyuma kabisa unaweza kukiweka cheusi ukiwa na saiti mira mbili.

Mbona SUV ya jirani ina vioo vyeusi nyuma na yuko New York hapohapo?

Hiyo imetoka hivyo kiwandani. Kanuni ya serikali kuu inavihesabu vioo vya nyuma vya SUV, van na pikapu kama visivyo vya lazima kwa dereva kuonea, kwa hiyo mtengenezaji anaruhusiwa kuvitia rangi. Rangi iko ndani ya kioo chenyewe, haijabandikwa, na huwa inapitisha kama asilimia 20 hivi. Gari dogo halina ruhusa hiyo, na majimbo mengi yameufuata mgawanyo huohuo.

Jambo la kuangalia: cheti cha usajili kinasemaje. Kuna magari madogo ya mlango wa nyuma ambayo mtu anayaona kama SUV na karatasi zinasema vingine. Polisi anafuata karatasi. Na ukibandika tinti juu ya kioo cha kiwandani, ile hesabu ya kuzidisha inarudi: 0.20 mara 0.35 ni 0.07, yaani asilimia 7.

Kioo cha mbele je?

Utepe wa juu tu. Angalia pembeni mwa kioo, utaona mstari mdogo au alama iliyoandikwa AS-1. Majimbo mengi yanaruhusu tinti juu ya hapo. Kama alama haipo, Texas wanahesabu inchi 5 kutoka juu, Washington inchi 6. Kubandika kioo kizima cha mbele, hata kwa karatasi inayoonekana nyeupe, kuna majimbo yanakubali na mengi yanakataa. Usichukue neno la fundi kwenye hili.

Rangi nayo ina sheria. Nyekundu na ya kaharabu zinakatazwa sehemu nyingi kwa sababu zinachanganya na taa za magari ya dharura. Ile ya kung'aa kama kioo cha kujitazamia inakatazwa au inawekewa kiwango.

Texas wamefuta ukaguzi wa magari. Si ina maana tinti sasa ni huru?

Swali hili tunalipata sana kutoka Houston na Dallas. Ni kweli, kuanzia Januari 1, 2025 Texas haifanyi tena ukaguzi wa usalama kwa magari ya watu binafsi. Kilichobaki ni kipimo cha moshi kwenye kaunti 17, pamoja na ukaguzi wa magari ya biashara. Lakini kilichofutwa ni ukaguzi. Sheria ya tinti iko palepale: 25 mbele. Tofauti ni kwamba zamani kituo cha ukaguzi kilikukatalia kimyakimya ukaenda kubandua. Sasa atakayekuambia ni polisi, pembeni mwa barabara, na yeye hana habari ya kimyakimya.

New York wamekwenda kinyume. Tangu Januari 1, 2017 kupima tinti ni sehemu ya ukaguzi wa kila mwaka. Vioo vikiwa chini ya 70, gari halipati stika.

Nimepata gari zuri Georgia, nakwenda kulisajili Pennsylvania. Nifanye nini?

Jumlisha gharama ya kubandua tinti kwenye bei, kisha ndiyo upatane. Gari lililotumika la kusini karibu kila mara lina tinti, na muuzaji atakuambia kwa moyo mweupe kwamba ni halali. Kwao ni halali. Muulize kama anaweza kupima vioo na kukuandikia namba. Wengi wana kile kimashine.

Nikipita tu, safari ya siku mbili, jimbo la njiani linaweza kunikamata?

Linaweza. Wapo polisi wanaoangalia namba ya gari, wakiona ni ya mbali wanakuacha, na yapo majimbo ambayo sheria yao inawabeba wageni. Yapo pia yasiyowabeba. "Kwetu inaruhusiwa" ni maelezo mazuri ya kumwambia hakimu, na hakimu anaweza kuyakubali, lakini ukifikia hapo umeshapoteza siku ya kazi na pengine una safari ya kurudi maili 600.

Mimi ni dereva wa lori. Sheria ya jimbo inanihusu?

Kwako wewe kuna ya serikali kuu kwanza. Kanuni ya 49 CFR 393.60 inataka kioo cha mbele na vioo viwili vya kushoto na kulia kwa dereva vipitishe angalau asilimia 70. Haijalishi lori limesajiliwa Texas au Arizona. Karatasi iliyotosha kwa gari lako la nyumbani haiwezi kutosha kwenye lori. Likisimamishwa kwenye mizani wakapima, kosa linaandikwa kwenye ripoti ya ukaguzi, na ripoti hiyo inaingia kwenye rekodi ya kampuni. Bosi wako atakuuliza kabla mahakama haijakuuliza.

Wanaokodi lori au kununua kwa mwenye lori mwenzao waangalie hili. Wa mwanzo alibandika, wa pili anakamatwa.

Mwanangu ana ualbino. Kuna ruhusa ya pekee?

Majimbo mengi yanayo ruhusa ya kiafya, na ualbino ni kati ya sababu zilizo wazi kabisa. New York wameorodhesha magonjwa kwa majina: ualbino, lupus, porfiria, xeroderma pigmentosum, ugonjwa wa macho au neva unaofanya mwanga uumize, na mengineyo. Daktari anajaza fomu MV-80W, inakwenda kwa idara ya magari, wakiikubali unabaki na karatasi ya ruhusa ndani ya gari. Texas nao wanatambua sababu za kiafya kwa maandishi ya daktari.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu familia nyingi zinatumia hela mahali pasipo. Kioo cha mbele cha gari kimetengenezwa kwa tabaka mbili zenye plastiki katikati, na chenyewe kinazuia karibu miale yote ya UV. Vya milangoni ni vya aina nyingine, na vinapitisha sehemu kubwa ya miale inayounguza ngozi polepole. Kwa hiyo ngozi ya mtoto inaungulia pembeni, si mbele. Zipo karatasi nyeupe kabisa, zisizo na giza, zinazozuia asilimia 99 ya UV. Kwa ngozi, hiyo inatosha, na majimbo mengi hayana ugomvi nayo. Giza linahitajika kwa ajili ya macho, kwa sababu mwenye ualbino mwanga mkali unamsumbua. Daktari wa macho akiandika barua aeleze hilo, na aandike asilimia inayohitajika, badala ya sentensi moja ya "mgonjwa anahitaji tinti".

Na kama mtoto anakaa siti ya nyuma, na gari liko Ohio au Texas, huhitaji ruhusa yoyote. Nyuma ni huru.

Barua ya jimbo moja haivuki mpaka yenyewe. Ukihama, anza upya.

Polisi akinisimamisha kwa tinti, nifanyeje?

Washa taa ya kuashiria, egesha, zima injini. Shusha vioo vyote vinne, siyo chako tu. Ikiwa ni usiku, washa taa ya ndani. Mikono juu ya usukani. Vioo vyeusi vinamtia polisi wasiwasi, na ukivishusha mwenyewe kabla hajafika mlangoni umeanza vizuri. Leseni na bima usianze kuvipekua mpaka aombe.

Kipimo chenyewe ni kidogo, kinashikwa kwa mkono mmoja. Atakuomba upandishe kioo hadi nusu, atakipitisha ukingoni ili upande mmoja uwe ndani na mwingine nje, atabonyeza, namba itatokea. Ni sekunde chache. Unaweza kumwomba kwa adabu akuonyeshe namba. Iandike. Mara nyingine hapimi kabisa, anaangalia kwa macho na kuandika tiketi. Hilo nalo likumbuke kwa ajili ya mahakamani.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mwaka 1996, katika kesi ya Whren, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema polisi akiona kosa la kweli la barabarani anaweza kukusimamisha hata kama nia yake ni kutafuta kitu kingine. Tinti ni kosa linaloonekana kwa mbali, kwa hiyo ndilo mlango rahisi. Akikuuliza "naweza kuangalia ndani ya gari?", hilo ni ombi, na unaruhusiwa kusema hapana kwa upole. Akikwambia ushuke, shuka. Hiyo ni amri, na mahakama hiyohiyo iliiruhusu mwaka 1977.

Virginia wameona tabu hiyo. Tangu Machi 2021 polisi wa kule hawaruhusiwi kumsimamisha mtu kwa sababu ya tinti peke yake. Kosa lipo bado, ila linaandikwa ukisimamishwa kwa jambo jingine. Na New Jersey, mwaka 2022, mahakama ya juu ya jimbo ilisema tinti inakuwa sababu ya kusimamisha gari pale tu vioo vya mbele vinapokuwa vyeusi kiasi kwamba polisi hawezi kuona vizuri watu au vitu ndani.

Nimepata tiketi. Nilipe tu yaishe?

Soma kwanza nyuma ya tiketi. Sehemu nyingi ni kosa linalorekebishika: unabandua, unaonyesha ushahidi, kesi inafutwa. California unalipa dola 25 za kuifuta badala ya faini nzima. Ukikimbilia kulipa umekubali kosa, na tinti bado iko kwenye kioo ikisubiri polisi wa pili.

Texas na Georgia kosa la tinti linaitwa misdemeanor, yaani lina jina la kosa dogo la jinai hata kama mwisho wake ni faini. Mwenye kesi ya hifadhi, green card au uraia asilipe kabla hajamwonyesha wakili wake wa uhamiaji ile karatasi. Mara nyingi wakili atasema haina shida. Tatizo huwa la mtu aliyeitupa tiketi kwenye droo, siku ya mahakama ikapita, hati ya kukamatwa ikatoka. Hapo si tena habari ya vioo.

Naweza kubandua mwenyewe?

Milango, ndiyo. Unahitaji mashine ya mvuke ile ya kunyooshea nguo, au hata kikaushio cha nywele. Pasha moto kona ya juu mpaka gundi ilegee, inua kwa ukucha, vuta polepole huku ukiendelea kupasha. Ukivuta kwa haraka karatasi inachanika na gundi inabaki, na gundi ndiyo kazi. Ifute kwa maji ya sabuni na wembe.

Kioo cha nyuma mpe fundi. Zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu zimechapwa juu ya kioo upande wa ndani, na tinti imebandikwa juu yake. Wembe ukipita pale umekata waya, na majira ya baridi ya Ohio utakuwa unaendesha huku hujui kilichoko nyuma.

Mimi shida yangu ni joto tu. Kuna njia isiyo na kesi?

Ipo, na ndiyo tunayopendekeza kwa watu wa majimbo ya 70. Giza na joto ni vitu viwili. Karatasi ya bei rahisi inapakwa rangi tu: inazuia mwanga, joto inalizuia kidogo, na baada ya miaka michache inageuka zambarau na kutoa mapovu. Yenye chembe za chuma inazuia joto vizuri lakini inaweza kusumbua redio, GPS na kile kidude cha kulipia barabara. Ya seramiki inazuia joto hata ikiwa nyeupe, na haisumbui mawimbi. Bei yake ni ya juu, kweli. Linganisha na tiketi mbili.

Nimuulize nini fundi kabla hajaanza?

Apime kioo kitupu mbele yako. Akikuambia hana mashine, ondoka. Kisha muulize namba ya mwisho itakuwa ngapi baada ya kubandika, na aiandike kwenye risiti pamoja na jina la karatasi aliyotumia. Majimbo kadhaa yanataka stika ndogo ya kuonyesha tinti ni halali. Ikiwa jimbo lako ni mojawapo, aibandike yeye. Akimaliza, apime tena ukiwa umesimama pale. Fundi anayekuambia "usijali ndugu, polisi wa hapa hawapimi" mwache akabandike gari lake.